Kansa ya tumbo iliyofika kwenye ubongo: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu kuchanganya imunotherapi na upasuaji wa mionzi

Ukurasa huu ni wa mgonjwa na wa yule anayemuuguza, yani yule anayeshika faili, anayehesabu vidonge na anayekaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Haya mambo yakianza yanakuja kwa kasi mno, leo mnaambiwa kuna kitu kwenye ubongo, kesho mnasainishwa karatasi za mionzi, keshokutwa mnasikia neno imunotherapi, na hakuna aliyekaa chini kuwaeleza kipi kinafanya kazi gani. Ukurasa huu hautachukua nafasi ya daktari wenu, ila mkiingia kwake mtajua cha kuuliza.

Kansa ya tumbo si huwa inaenda kwenye ini? Imefikaje kichwani?

Kweli, mara nyingi inakimbilia ini, utando unaofunika matumbo, matezi na mapafu. Kichwani ni nadra, kati ya wagonjwa 100 wa kansa ya tumbo hafiki hata mmoja. Seli zinachomoka kwenye uvimbe, zinaingia kwenye damu, nyingi zinafia njiani, chache zinakwama kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuanza kukua. Wale ambao kansa yao ina HER2 kwa wingi (ni protini iliyo juu ya seli inayoisukuma ikue, tutairudia hiyo) wanaonekana kupatwa zaidi kuliko wengine.

Sasa kwa sababu ni nadra, hakuna anayempiga skani ya kichwa kila mgonjwa wa tumbo, na hapo ndo penye hatari ninayotaka uishike vizuri: dalili za kichwani zinajificha nyuma ya dalili za tumbo. Mtu anatapika, mnasema ni tumbo au ni kemo. Anaishiwa nguvu, mnasema hali vizuri. Anayumba akitembea, mnasema damu imeshuka, na wiki zinakatika hivo hivo. Kinachotakiwa kukushtua ni kutapika asubuhi mtu akiamka kabla hata hajaweka kitu mdomoni tena huku kichwa kinamgonga, maumivu ya kichwa mapya yanayozidi akilala au akikohoa, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kumpotea, kuona vitu viwili viwili, au kuanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa wakati maisha yake yote hajawahi. Ukiona moja kati ya hayo mwambie daktari siku hiyo hiyo na uombe MRI ya kichwa yenye dawa ya kung'arisha picha, manake CT inaweza kupitwa na vivimbe vidogo.

Kwa hiyo sasa ana kansa mbili?

Hapana. Ni kansa ile ile ya tumbo imehamia mahali pengine. Ndo maana majibu ya kile kinyama kilichokatwa tumboni mwanzoni bado yana kazi kubwa hata kwenye kutibu kichwa, msiyapoteze.

Upasuaji wa mionzi ni kupasuliwa kichwa?

Jina linatisha watu bure. Hakuna kisu, hakuna kunyolewa, hakuna mshono. Ni mionzi myembamba mingi inayotoka pande tofauti na kukutana sehemu moja tu, pale kwenye uvimbe, kila mwale peke yake ni dhaifu kwa hiyo ubongo unaopitiwa njiani unapata kidogo, lakini pale yote inapokutana dozi ni kali sana. Wazo hilo lilitolewa na daktari wa Sweden, Lars Leksell, mwaka 1951, na mashine ya kwanza ya Gamma Knife ilianza kazi Stockholm mwaka 1968. Gamma Knife za siku hizi zina vyanzo 192 vya kobalti. Kuna pia CyberKnife na mashine za LINAC za kisasa ambazo zinafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine, na kama vipimo na wataalamu ni wazuri hakuna haja ya kugombania jina la mashine.

Siku yenyewe inakuwaje? Sehemu nyingi wanatumia barakoa ya plastiki yenye matundu matundu, wanailowesha kwenye maji ya moto inakuwa laini kama kitambaa, wanamfunika nayo usoni, wanaibonyeza puani, kwenye paji na kidevuni, inapoa ndani ya dakika chache na kukakamaa kwa umbo la uso wake kabisa. Inabana, ila anapumua vizuri. Kama ni fremu ya chuma basi inashikiliwa na skrubu nne kwenye fuvu baada ya kuchomwa ganzi, sindano za ganzi ndo zinauma, baadae ni kubanwa tu. Alafu analala kwenye kitanda, mashine inafanya kazi yake, hasikii joto wala maumivu, mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama mgonjwa anaogopa sehemu za kubana, semeni mapema kabla ya siku ya barakoa, ipo dawa ya kumtuliza na hakuna wa kumcheka.

Dozi inategemea ukubwa. Mwongozo wa zamani ambao bado unatumika kama kipimo unasema uvimbe usiozidi sentimita 2 unapewa hadi grei 24 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara moja, wa sentimita 2 mpaka 3 grei 18, wa 3 mpaka 4 grei 15. Ukiangalia unaona uvimbe unavyokuwa mkubwa ndivyo dozi salama inavyoshuka, na hiyo ndo sababu ya kutosubiri uvimbe ukue. Vile vikubwa kidogo siku hizi wanagawa dozi kwa siku 3 au 5.

Na imunotherapi ni kemo nyingine?

Siyo kemo. Kemo inaua seli yenyewe. Imunotherapi haigusi kansa moja kwa moja, inagusa askari wa mwili. Seli za kinga zina breki inayoitwa PD-1 ambayo kawaida inazuia kinga isishambulie mwili wake yenyewe, na kansa imejifunza kuikanyaga hiyo breki. Dawa kama nivolumabu na pembrolizumabu zinaizuia isikanyagwe. Tasuku Honjo wa Japani aliyeigundua PD-1, na James Allison wa Marekani aliyefanyia kazi breki nyingine ya CTLA-4, walipewa Nobeli mwaka 2018 kwa kazi hii.

Kwa kansa ya tumbo iliyosambaa, utafiti mkubwa uliotoka 2021 wenye wagonjwa 1,581 ulilinganisha kemo peke yake na kemo ikiongezwa nivolumabu. Wale wenye alama ya 5 na zaidi ya PD-L1 (protini ambayo kansa inaitumia kukanyaga ile breki), nusu yao walivuka miezi 14.4 ukilinganisha na miezi 11.1 ya kemo peke yake. Nakuambia namba hizi kama zilivyo kwa sababu nimeona familia zikiuza kila kitu zikidhani imunotherapi ni kupona, na nyingine zikikata tamaa zikidhani haina maana. Kuna watu, wachache, inawashika vizuri wanaishi miaka. Kwa walio wengi inaongeza muda, siyo kufuta ugonjwa.

Tutajuaje kama itamfaa mgonjwa wetu?

Kwa karatasi ya maabara. Chukueni ripoti ya biopsi, yani ya kile kinyama kilichokatwa tumboni, mtafute vitu vinne. PD-L1, inaandikwa kama CPS na namba, namba ikipanda matumaini yanapanda. MSI au MMR, ikiandikwa MSI-H au dMMR huyo ni mtu ambaye kansa yake ina makosa mengi sana kwenye DNA na kinga inaiona kirahisi, hawa ni wachache ila ndo wanaonufaika kuliko wote, na kumkosesha mtu kama huyo imunotherapi kwa sababu tu hakuna aliyepima ni jambo linaloniumiza sana. HER2, ikiwa chanya mlango wa dawa nyingine unafunguka. Na virusi vya Epstein-Barr, EBV, pale wanapopima. Kama havikupimwa, kinyama cha zamani huwa kinahifadhiwa maabara kwenye vipande vya nta na kinaweza kupimwa leo bila kumkata mgonjwa tena. Ulizeni hivyo hivyo: "Kile kipande bado kipo?"

Kwa nini kuchanganya? Si moja ingetosha?

Kwa sababu kila moja ina mahali inapokosa. Mionzi ile inaua kilichopigwa tu, seli ambazo hazijaonekana kwenye picha au zilizoko kwenye ini haziguswi. Imunotherapi inazunguka mwili mzima, lakini inachukua wiki nyingi kuanza kuonyesha kitu, na uvimbe uliokaa kwenye ubongo hauna hizo wiki, ukivimba kidogo tu mtu anapooza au anapoteza fahamu. Kwa hiyo mionzi inashughulika na hatari ya karibu na imunotherapi inashughulika na mwili wote. Hiyo ndo sababu kuu, na inatosha.

Sababu ya pili ni ya kisayansi zaidi. Seli za kansa zikipigwa mionzi zinapasuka na kumwaga protini zake, kinga inaziona na kujifunza sura ya adui, na pia mionzi inalegeza ule ukuta unaozuia vitu kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Ukiongeza dawa ya kuachia breki hapo, inawezekana shambulio likawa kubwa zaidi. Imewahi kuonekana hata uvimbe ambao haukupigwa mionzi kabisa unapungua baada ya mwingine kupigwa, jambo ambalo daktari wa Uingereza R. H. Mole alilipa jina mwaka 1953, abskopali. Ni la kweli ila ni nadra. Mtu akikuambia mpige mionzi kichwani ili ini lipone, usiweke matumaini yako hapo.

Ushahidi upo kweli kwa kansa ya tumbo?

Hapa inabidi niseme wazi. Ushahidi mwingi wa kuchanganya hizi mbili umetoka kwenye kansa ya ngozi ya melanoma na kansa ya mapafu, kwa sababu hizo ndo zinazopanda kichwani mara nyingi. Kwa melanoma kuna utafiti uliochapishwa 2018 ambapo dawa mbili za imunotherapi pamoja, ipilimumabu na nivolumabu, ziliwanufaisha kichwani asilimia 57 ya wagonjwa ambao vivimbe vyao havikuwa vinawapa dalili. Lakini melanoma inaitikia kinga kuliko kansa ya tumbo, tena kwa mbali, kwa hiyo huwezi kuichukua hiyo 57 ukaibandika kwa mgonjwa wako.

Kwa tumbo, tafiti kubwa za imunotherapi ziliwaacha nje wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo ambao haujatibiwa. Kilichopo ni taarifa za wagonjwa mmoja mmoja na vikundi vidogo vilivyoangaliwa nyuma baada ya matibabu. Vinatia moyo, ila ni vidogo. Kwa hiyo daktari mzuri anafanya hivi: anachukua kinachojulikana kuhusu mionzi ya ubongo, ambacho ni kingi na imara, anachukua kinachojulikana kuhusu imunotherapi kwenye tumbo, anaviweka pamoja kwa mgonjwa aliye mbele yake. Akitokea mtu anakutajia asilimia ya kupona, muulize zimetoka kwa wagonjwa wa kansa gani na walikuwa wangapi.

Kipi kianze?

Kichwa kwanza, kwa wengi. Uvimbe unaoleta dalili au ulio mahali pabaya hauwezi kusubiri imunotherapi ianze kufanya kazi. Na habari njema ni kwamba hazihitaji kutenganishwa kwa muda mrefu, vituo vingi vinazipanga ndani ya wiki chache, kabla au baada, na uchambuzi mwingi wa kansa nyingine unaonyesha zikiwa karibu karibu matokeo ni mazuri zaidi kuliko zikiachana miezi.

Kama mgonjwa alishaanza imunotherapi ndo uvimbe ukaonekana, kwa kawaida hakuna haja ya kuikatiza muda mrefu ili apigwe mionzi. Tena hata ukiikatiza haiondoki, dawa hizi zinakaa zimeshikamana na seli za kinga kwa miezi miwili na zaidi baada ya dripu moja. Kemo ni habari nyingine, hiyo mara nyingi wanaisimamisha siku kadhaa kabla na baada ya mionzi. Dawa za HER2 zilizobebeshwa kemo nazo zinataka tahadhari, lazima yule wa mionzi na yule wa dawa waongee. Na nasisitiza hili la kuongea, nimeona wagonjwa wakibeba ujumbe kati ya idara mbili za jengo moja na ujumbe unafika nusu. Omba kikao chao cha pamoja kizungumzie jina la mgonjwa wako.

Wamempa deksamethasoni. Nimesoma inaua nguvu ya imunotherapi, tuiache?

Msiiache. Narudia, msiiache wenyewe hata siku moja. Deksamethasoni ni dawa ya aina ya steroidi, ndo inayopunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, na ukiikata ghafla ubongo unaweza kuvimba tena, na pia mwili uliozoea steroidi ukinyimwa ghafla presha inaanguka na mtu anaweza kufa.

Ila wasiwasi wako una ukweli ndani yake. Steroidi zinatuliza kinga, na imunotherapi inataka kinga iamke. Wataalamu wanapenda mgonjwa anapoanza imunotherapi awe hazidi miligramu 10 za prednisoloni kwa siku, na hapo watu wengi hawajui hesabu: deksamethasoni ina nguvu zaidi, miligramu 1.5 tu ni sawa na hizo 10. Mtu anayemeza miligramu 8 za deksamethasoni kwa siku yuko kwenye zaidi ya 50 za prednisoloni. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari siyo "tuache?", ni "mpango wa kushusha ukoje, na tutafika wapi kabla ya dripu ya kwanza?" Na hapa mionzi inasaidia kwa njia ambayo haizungumzwi sana, uvimbe ukidhibitiwa maji yanapungua, steroidi zinashuka, imunotherapi inapata nafasi.

Kwa mgonjwa wa tumbo kuna la ziada. Steroidi zinaweza kuchangia kutokwa damu tumboni, hasa zikichanganyika na dawa za maumivu kama dikilofenaki au ibuprofeni, na huyu mtu tayari ana kidonda mle ndani. Ulizeni kama anahitaji dawa ya kupunguza asidi, na mkiona choo cheusi kama lami ni hospitali hapo hapo. Sukari nayo inapanda, ipimwe. Na dozi ya mwisho ya siku apewe mchana siyo usiku, la sivyo nyumba nzima haitalala.

Ana vivimbe sita, si vimeshakuwa vingi sana kwa mionzi hii?

Zamani wangesema ndiyo. Mwaka 2014 Wajapani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,194 waliopigwa Gamma Knife, wakakuta wenye vivimbe 5 mpaka 10 waliishi muda sawa na wenye 2 mpaka 4. Tangu hapo kinachoangaliwa zaidi ni ujazo wa vyote kwa pamoja na hali ya mgonjwa kuliko idadi tu.

Haifai pale kansa inapokuwa imetandaa kwenye utando wa ubongo na maji ya uti wa mgongo, na kansa ya tumbo inaweza kufanya hivyo, hapo hakuna kitu kimoja cha kulenga. Na uvimbe mkubwa zaidi ya sentimita 3 au 4, au ulioko kwenye serebela, ile sehemu ndogo ya nyuma ya ubongo, unaoziba njia ya maji ya ubongo, huo kwanza ni kwa daktari wa upasuaji wa kweli, alafu mionzi inapigwa kwenye shimo lililobaki.

Kwa nini wasipige kichwa kizima wamalize?

Kwa sababu ya akili ya mgonjwa. Utafiti wa Marekani uliotoka 2016 wenye wagonjwa 213 uliangalia uwezo wa kukumbuka na kufikiri miezi mitatu baadae: waliopata upasuaji wa mionzi peke yake walioshuka ni asilimia 63.5, walioongezewa mionzi ya kichwa kizima ni 91.7, na hawakuishi zaidi. Kichwa kizima bado kina mahali pake, vivimbe vikiwa vingi kupita kiasi au vimetandaa, kawaida grei 30 kwa siku 10. Ila kama kuna uchaguzi, kuna thamani kubwa sana mtu kubaki anawajua wanae na anakumbuka jana waliongea nini.

Skani ya miezi mitatu inaonyesha uvimbe umekua. Imeshindikana?

Pengine hapana, na hili swali ndo linalowaliza watu wengi kabla ya wakati. Vitu vitatu tofauti vinaweza kutoa picha ile ile ya duara linalong'aa. Kansa imerudi kweli. Au seli za kinga zimejaa kwenye uvimbe na kuuvimbisha wakati zinaushambulia. Au tishu ya ubongo iliyopigwa mionzi inakufa na kuvimba, wanaita nekrosisi ya mionzi, hii mara nyingi inajitokeza kuanzia miezi michache mpaka mwaka na zaidi baada ya tiba. Tafiti kadhaa zinaonyesha imunotherapi inaongeza uwezekano wa nekrosisi, nyingine hazikuona tofauti, lakini wote wanakubali kwamba kadiri eneo lililopata dozi kali linavyokuwa kubwa hatari inapanda.

Kwa hiyo kabla hamjakubali neno "imeshindikana", ulizeni skani hii imelinganishwa na zote zilizopita au na ile ya mwisho tu, na kama kuna MRI ya kupima mtiririko wa damu au PET ya amino asidi ambazo zinasaidia kutofautisha. Wakati mwingine jibu sahihi ni kusubiri wiki sita mpaka nane na kupiga tena. Ikiwa ni nekrosisi na inaleta dalili kuna deksamethasoni, kuna bevasizumabu ambayo inakausha yale maji vizuri (japo kwa mtu mwenye uvimbe tumboni unaotoka damu lazima wafikirie mara mbili), na wengine inabidi wafanyiwe upasuaji. Tunzeni CD za picha zote, siyo ripoti tu. Skani zinarudiwa kila miezi miwili mpaka mitatu mwaka wa kwanza.

Madhara gani hayasubiri kesho?

Imunotherapi ikiachia breki kinga inaweza kuvamia kiungo chochote, hata miezi baada ya dripu ya mwisho. Kuharisha zaidi ya kawaida yake mara nne na kuendelea kwa siku, kikohozi kikavu na kukosa pumzi, macho ya manjano, kiu kali na kukojoa sana, kifua kuuma. Msimpe dawa ya kufunga choo mkatulia, pigeni simu hospitali na sentensi ya kwanza iwe "yuko kwenye imunotherapi", kwa sababu daktari wa zamu asiyejua hilo atatibu maambukizi ya kawaida.

Kuna moja ya kuchanganya kabisa: kichwa kuuma, uchovu mzito, presha kushuka. Mnafikiri uvimbe umekua, kumbe ni tezi ya pituitari chini ya ubongo imevimba kwa sababu ya dawa na homoni zimekatika. Kipimo cha damu cha kotisoli na homoni nyingine kinaonyesha, japo kama bado yuko kwenye deksamethasoni kotisoli itashuka tu kwa sababu hiyo. Dawa yake ipo na anaendelea kuishi vizuri, ila lazima mtu aifikirie.

Upande wa mionzi, siku chache za kwanza kichwa kinaweza kuuma na kichefuchefu kidogo. Akianguka kifafa mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, ikizidi dakika tano ni dharura.

Nywele zitakatika?

Kwa upasuaji wa mionzi kwa kawaida hapana, labda kakipande kama uvimbe uko karibu na fuvu.

HER2 yake ni chanya, mpango unabadilika?

Unabadilika. Trastuzumabu imekuwa sehemu ya tiba ya tumbo tangu utafiti wa 2010, na sasa kwa wenye HER2 na PD-L1 wanaweza kupewa trastuzumabu, kemo na pembrolizumabu kwa pamoja. Kichwani bado mionzi inabaki, kwa sababu kingamwili kubwa kama trastuzumabu haivuki vizuri kuingia ubongoni. Trastuzumabu derukstekani imeonyesha nguvu kwenye ubongo kwa kansa ya matiti, na kwa tumbo imeshakubaliwa kama tiba ya baadae, kwa hiyo itajeni kwa daktari.

Dawa za mitishamba za kuongeza kinga tumpe?

Naelewa kabisa hamu ya kumpa kila kitu. Ila ini ndo linalochakata hizo, na ini ndo mojawapo ya viungo vinavyovamiwa na imunotherapi, vipimo vikipanda daktari hatajua ni dawa au ni mti na anaweza kulazimika kusimamisha tiba. Kama anatumia kitu tayari, kitajeni bila aibu.

Ataishi muda gani?

Wastani wa kansa ya tumbo iliyofika ubongoni ni miezi, siyo miaka, na sitakuficha. Ndani ya huo wastani watu wanatofautiana sana: anayejihudumia mwenyewe, uvimbe mmoja au miwili, tumboni na kwenye ini kumetulia, MSI-H au HER2 iliyopata dawa yake, huyo anaweza kwenda mbali kuliko yeyote alivyotarajia. Anayeshinda kitandani na kansa inakua kila mahali, imunotherapi haimsaidii sana na mionzi inaweza isimsaidie pia.

Na kama tukiamua tusiendelee?

Basi haimaanishi anaachwa. Timu ya tiba shufaa inatakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza, siyo mwisho, na kazi yao ni maumivu, kutapika, kifafa, usingizi, na hofu ya mgonjwa na yenu. Deksamethasoni peke yake inaweza kumpa wiki nzuri za kuongea na watu wake. Na hata hapo mkitaka kumuuliza daktari kama kikao kimoja cha mionzi kitamrudishia mkono au kitamwondolea kichwa kuuma, ulizeni, ni swali halali. Muulizeni na yeye mwenyewe anataka nini mapema, akiwa bado anaongea vizuri, alafu muandike alichosema na karatasi ikae kwenye faili pamoja na dozi zake za steroidi na tarehe za dripu.